Kibali cha utafiti sio leseni ya kuchimba: kisa cha shimo la mita moja, barabara ya Pangani

Shimo lenyewe lilikuwa mita moja kwa mita moja. Dogo kuliko la choo. Nasema mapema kwa sababu kila nikihadithia hiki kisa watu wa mjini Tanga wanadhani tulikodi katapila tukapindua shamba la mtu, hamna, ilikuwa misumari minne, kamba, mwiko wa fundi mwashi, chekeche la mchanga na ndoo mbili zilizokuwa za rangi. Ila hako kashimo katatuletea mtendaji, polisi, afisa wa mambo ya kale, na mzee mtu mzima akalia mbele ya wajukuu zake. Mimi nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho kwa hiyo naeleza nilivyoona, na pale nilipokosea mimi mwenyewe ntasema pia.

Majina sitaji, la kijiji pia sitaji. Ni kusini mwa Tanga mjini, unaifuata barabara ya Pangani unapita Tongoni, alafu unakata kushoto kuelekea baharini. Tongoni kila mtu anaijua, ule msikiti wa karne ya 14 au 15 na makaburi yake kama 40, mengine ya minara ingawa minara mingi imeshaanguka, na pwani hiyohiyo ndio mwaka 1498 meli moja ya msafara wa Vasco da Gama ilikwama mwambani, mwaka uliofuata wakaichoma moto wenyewe maana mabaharia walishakufa wengi hawatoshi kuendesha meli zote. Hiyo ndio hadithi ninayowauzia wageni, maana kazi yangu ni kutembeza watu.

Sasa kijana aliyekuja, mwanafunzi wa shahada ya pili, Mtanzania mwenzetu, yeye Vasco wala hakuwa na habari naye. Alichokuwa anatafuta ni cha zamani zaidi. Shambani kwa huyo mzee mvua ikinyesha vinatokeza vigae vya vyungu vilivyovunjika, na baadhi vina michoro ya pembetatu zimejazwa mistari, ule ufinyanzi ambao mwanaakiolojia Profesa Felix Chami aliuandikia miaka ya tisini, wa karne kama ya 6 hadi ya 9 huko. Yaani kabla ya mawe ya Tongoni kwa miaka mamia. Hoja yake ilikuwa kwamba kabla hajaja mtu yeyote kujenga msikiti wa mawe, hapa palikuwa na watu wanapika, wanavua, wanafanya biashara, kijiji kamili cha udongo na makuti ambacho hakina gofu la kupigia picha. Mimi hiyo hoja nikaipenda, mzee nae akaipenda, akasema enhe, sisi si wakuja.

Sasa karatasi. Jamaa alikuwa na faili la plastiki limejaa. Barua ya chuo, kibali cha utafiti (kwa wanafunzi wa ndani mara nyingi chuo chenyewe kinatoa, mgeni wa nje ndio anapitia Tume ya Sayansi na Teknolojia moja kwa moja), barua ya mkoa, barua ya wilaya, na ile ya wilaya imegongwa muhuri tena kata na mtendaji wa kijiji akasaini juu yake. Mihuri mitano nadhani, mmoja wa bluu mingine ya zambarau. Mzee hasomi vizuri, macho, akanigeuzia mimi, "Mwanangu, karatasi ziko sawa hizi?" Nikazipitia nikasema ziko sawa babu. Hapo ndio kosa langu lilipo na silitupii kwa mtu. Niliona mihuri, sikuona maneno. Hakuna hata karatasi moja pale iliyokuwa na neno kuchimba.

Tuelewane hapa maana ndio kiini cha kisa chote. Kibali cha utafiti kinakuruhusu kufanya utafiti: kuhoji watu, kuangalia, kupima, kuingia maktaba. Kuchimba kutafuta vitu vya kale ni jambo lingine kabisa, lina sheria yake, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ikarekebishwa 1979, na kabla ya hapo Mwingereza nae alikuwa na yake ya 1937. Sheria inasema huchimbi mpaka uwe na leseni kutoka kwa mkurugenzi wa mambo ya kale. Na haisemi "kwenye magofu yaliyowekewa kibao" tu. Hili watu wengi hawalijui, wanadhani kama pale hamna kibao cha serikali na geti la kulipia basi ni shamba tu. Sio hivyo. Ukichimba kutafuta kitu cha kale kwenye shamba la mihogo la babu yako bado unatakiwa uwe na leseni, na kitu chenyewe kikiwa ni kazi ya mkono wa binadamu ya kabla ya mwaka 1863 sheria inakihesabu ni cha kale bila kuhitaji tangazo la mtu yeyote. Mwaka huo 1863 una mambo yake, kwa mfano majengo ya Mjerumani ya hapa mjini Tanga, hata reli iliyoanza kujengwa 1893, yote ni ya baada yake kwa hiyo hayo mpaka yatangazwe rasmi, lakini kigae cha pembetatu cha shambani kwa mzee tayari kimo ndani ya sheria tangu kilipolala.

Kijana alijua? Alijua. Nilikuja kumuuliza baadae akaniambia ukweli, maombi ya leseni alishatuma, ila yalirudishwa hayajakamilika, ilikuwa inatakiwa mpango wa kazi uliosainiwa na msimamizi wake na maelezo ya vitu vitahifadhiwa wapi. Msimamizi alikuwa safarini. Na masika inakuja, hapa kwetu ikifika mwisho wa Machi shimo linageuka kisima, hela ya utafiti nayo ina tarehe ya kurudisha risiti. Akajiambia ntachimba kamoja tu ka majaribio, leseni itanikuta njiani. Namuelewa kabisa jinsi alivyofikiri na bado nasema alikosea, maana neno "majaribio" kwenye kuchimba halina maana, hujaribu kuvunja yai.

Nilikuwa nadhani akiolojia ni kutafuta vitu. Siku ya kwanza yule kijana akanieleza kwa mfano nimekaa nao mpaka leo. Akasema fikiria kanga zimepangwa kwenye sanduku la bibi yako, ya chini kabisa ni aliyopewa harusini, ya juu ni ya Idi iliyopita. Ukizichomoa zote ukazirusha kitandani kanga bado unazo, hata moja haijapotea, ila huwezi tena kusema ipi ilikuja lini. Udongo ndio hivyo hivyo. Kwa hiyo tulikuwa tunashuka sentimeta kumi, tunasimama, tunachora, tunapiga picha, vigae vya hapo vinaingia mfuko wake na namba yake, tunashuka tena. Siku mbili tukafika kama sitini. Juu kulikuwa na vipande vya kaure ya Kichina, chini vikakata vikabaki vya pembetatu, na mkaa, na shanga moja ndogo ya bluu ambayo wajukuu wa mzee waliigombania kuishika. Kazi safi, hilo simnyimi.

Lakini mashimo yana masikio. Siku ya pili jioni dereva wa bodaboda ananiuliza Tongoni stendi, eti mmefikia boksi? Boksi gani. La Mjerumani bwana, usinifiche. Na hapa lazima nisimame kidogo kwa sababu msomaji wa mikoa mingine anaweza kucheka, ila Tanga kucheka hatuwezi, mali za Mjerumani, yaani hazina zinazodaiwa alizifukia wakati wa ukoloni, zimewala watu hela, ndoa na hata miguu. Kila boma, kila mti mkubwa, kila jiwe lenye alama kuna mtu amepachimba usiku na mganga na mashine ya kupiga mlio. Na uvumi una mzizi wake, Mjerumani kweli mwaka 1916 akiwa amebanwa vitani alifyatua sarafu za dhahabu za rupia 15 pale Tabora, zenye picha ya tembo, kwa hiyo mtu akisema dhahabu ya Mjerumani hasemi kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Sasa kijana kutoka chuo, kafunga kamba, anachekecha mchanga, anaweka kwenye vifuko na kuandika namba, jioni anaondoka na boksi. Wewe ungedhani nini?

Siku ya tatu asubuhi tukakuta shimo sio letu tena. Limepanuliwa mara tatu, upande mmoja umeporomoka, kamba zimekatwa, na chini, pembeni mwa pale tulipoishia, mifupa ya mtu. Kaburi. Amelazwa mashariki magharibi, uso kaskazini, yaani kibla, maana kwetu huku kibla ni kaskazini. Waliochimba usiku walipofika kwenye fuvu nadhani wakakimbia, jembe waliliacha.

Mzee alipofika hakusema kitu. Alivua kofia akakaa chini kwenye mchanga na akalia. Baadae akasema neno moja tu kwa yule kijana, "Mwanangu, mimi nilikukaribisha wewe, sikuwakaribisha hawa." Kijana akajaribu kusema sio sisi babu, ni wezi, akanyamaza mwenyewe katikati. Bibi aliyekuwa anatuletea chai na mihogo ya kuchemsha siku zote mbili hakuonekana tena.

Mtendaji akapiga simu, shehe akaitwa, akasema mifupa isiguswe mpaka waje wanaohusika, jambo la busara sana kwa kweli maana vijana walishaleta sanda. Polisi wakaja wakaandika maelezo. Kesho yake ndio akaja afisa wa mambo ya kale, mama mmoja mpole, viatu vya kazi, begi mgongoni. Akasalimia wazee kwanza, shikamoo zote zikaisha, akampa pole mzee, alafu akamgeukia kijana akauliza maswali matatu. Leseni iko wapi. Vitu viko wapi. Daftari liko wapi.

La kwanza jibu mnalijua. La tatu kijana alilipata vizuri, daftari lilikuwa kamili, michoro, vipimo, picha, na ndio lililomuokoa kwa kiasi fulani maana iliweza kuonekana wapi yeye aliishia na wapi wezi walianzia. La pili ndio lilitutoa jasho wote, maana vitu vilikuwa nyumbani kwangu. Chini ya kitanda. Kwenye boksi la tambi. Vigae mia na kitu, shanga, kaure, mkaa umefungwa kwenye foili, vyote mali ya taifa, vinalala na viatu vyangu vya mpira. Nilipovileta yule mama hakunigombeza, alivihesabu kimoja kimoja akavilinganisha na daftari, akaniandikisha jina na kusaini. Aibu niliyoiona siku ile sitaisahau.

Sasa tuchambue. Watu wengi waliosikia hiki kisa wanagawanyika pande mbili, kuna wanaosema leseni ni makaratasi tu, urasimu, wezi wangekuja hata na leseni. Na kuna wanaosema kijana alifaa afungwe. Mimi siko na yeyote kati yao.

Kwanza hilo la wezi wangekuja tu. Sio kweli, au si kweli kwa urahisi hivyo. Angalia mambo ambayo maombi ya leseni yanakulazimisha uyafikirie kabla hujashika mwiko: nani anachimba na ana ujuzi gani, taasisi gani iko nyuma yake, hela ya kumaliza kazi ipo au haipo, eneo lipi hasa, tarehe zipi, vitu vinakwenda kuhifadhiwa wapi, ripoti inakuja lini. Na kwa kawaida mtafiti mwenye leseni anapangiwa afisa wa kukaa nae site, anamlipia posho yeye mtafiti. Hebu rudi shambani sasa. Tungekuwa na afisa, siku ya kwanza tungefanya mkutano wa kijiji, angesimama mtu wa serikali na kitambulisho akasema hapa hatutafuti dhahabu, tunatafuta vigae, njooni muone. Mlinzi angewekwa. Na boksi lisingelala kwangu kwa sababu swali la "vitahifadhiwa wapi" lingeshajibiwa kwenye fomu. Lile swali lililomrudishia maombi yake, akaliona ni usumbufu, ndio hilohilo lililotuumbua.

Na kuna hii ya mtu kuniambia mbona mwaka 1958 huko Neville Chittick alichimba magofu ya Kaole pale Bagamoyo bila mlolongo huu. Chittick ndiye alikuwa serikali! Yeye ndiye mhifadhi wa mambo ya kale wa kwanza Tanganyika, angejiandikia leseni mwenyewe. Na wala huo sio mfano wa kujivunia moja kwa moja, aliyekuja kuchimba Kaole baadae alikuta mengine ya kusema kuhusu umri wa pale, ila aliweza kusema kwa sababu Chittick aliacha maandishi na vitu vikawekwa. Shimo likiandikwa linaweza kubishaniwa miaka hamsini baadae. La wezi wetu wa usiku hakuna wa kubishana nalo.

Lakini kwa wale wa "afungwe", nao nina neno. Mtoto wa watu alienda ofisi tano na zote zikamgongea muhuri, na hakuna hata moja iliyomuuliza "unachimba? leseni iko wapi?" Mkoa ukaona barua ya chuo, wilaya ikaona ya mkoa, kata ikaona ya wilaya, kijiji kikaona ya kata, mzee akaniona mimi. Kila mtu aliamini muhuri wa juu yake. Mtendaji wetu, nilimuuliza baadae, alidhani leseni ya kuchimba ni ile ya madini, akasema hapa hamna madini kwa hiyo sikuuliza. Hakuwa anatania. Neno leseni na neno kuchimba ukiyaweka pamoja kwa mtendaji wa kijiji anawaza dhahabu na rubi, hajawahi kuona leseni ya mambo ya kale maisha yake yote, hajui ikoje, rangi gani. Miradi mikubwa angalau ina kinga yake, bomba la mafuta linalokuja kuishia Chongoleani au barabara ya lami lazima ifanyiwe tathmini ya mazingira kwa sheria ya 2004 na mambo ya kale yanaangaliwa humo. Shimo la mita moja halina wa kulitathmini isipokuwa mwenyekiti wa kitongoji.

Na msimamizi wa chuo? Hakuwahi kuja shambani wakati ule, akapiga simu tu. Mimi nadhani ndiye mwenye fungu kubwa kuliko kijana, ila kwenye maelezo ya polisi jina lake halimo.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Kazi ikasimamishwa. Mifupa haikutolewa, shehe na wazee na yule mama walikubaliana ibaki ilipo, akapiga picha akapima, chini tukatandika turubai ili atakayefukua siku nyingine ajue mwisho wa mkono wetu, shehe akasoma dua, tukafukia kwa mikono, koleo mzee alikataa. Vitu vikaondoka na gari la serikali kwa orodha. Kijana akatoa maelezo ya maandishi, na data ya shimo lile hakuruhusiwa kuitumia kwenye tasnifu. Mkaa ambao alipanga kuupeleka maabara ya nje upimwe umri haukwenda, maana huo nao una kibali chake cha kutoka nchini, mbali na leseni, hata ukiwa gramu mbili.

Mwaka uliofuata, baada ya masika, alirudi. Safari hii na msimamizi wake, na yule mama afisa, na leseni. Waliomba kwa mzee upya, mzee akakaa siku nne hajajibu alafu akatoa eneo lingine upande wa minazi mbali na pale, kwa sharti kwamba wakikuta mtu wanafunika siku hiyohiyo. Mkutano wa kijiji ulifanyika, yule dereva wa boda alikuja akakaa mbele kabisa, akaruhusiwa kuchekecha mwenyewe nusu saa, akaondoka amekata tamaa kabisa na vumbi puani.

Leseni nikaiomba, nikaenda nayo Ngamiani nikatoa fotokopi mbili, moja nikaibandika ofisi ya kijiji pembeni ya tangazo la chanjo, nyingine nikampelekea mzee. Nikamsomea yote polepole, mstari kwa mstari, safari hii maneno sio mihuri. Jina la anayechimba, eneo, tarehe ya mwisho, ripoti, vitu kukabidhiwa. Akasikiliza mpaka mwisho akauliza, "Na ile shanga ya bluu, inarudi lini watoto waione?"

Nikaipitia tena karatasi kutoka juu. Hamna mahali iliposema.

Nilimpelekea swali yule mama afisa, akaniambia ni swali zuri, aandike mzee barua, mtendaji aigonge muhuri. Barua tumeandika. Mzee ameniambia nikae na nakala, nimeiweka kwenye faili la plastiki, sio chini ya kitanda.